Shaba na Salfa Zinapopishana Tunduma

Malori yanayotoka Zambia na Kongo huingia Tunduma yakiwa na mabamba ya shaba, safari ikielekea bandari ya Dar es Salaam. Mengine huvuka kwenda Nakonde yakiwa na salfa ya manjano kwa ajili ya viwanda vya Copperbelt, Zambia, na Katanga, Kongo. Bila salfa hiyo, sehemu kubwa ya shaba ya Katanga isingetoka kwenye mawe yake.

Tofauti ya mizigo hiyo iko kwenye bondi. Katika bamba la shaba, atomu huachia elektroni zake za nje, nazo huzurura huru katika bamba zima. Hiyo ni bondi ya metali. Ndiyo maana shaba hupitisha umeme na huvutwa kuwa waya bila kukatika. Atomu za salfa hushirikiana elektroni, nane nane, zikafunga duara: S₈. Hiyo ni bondi kovalenti. Elektroni hazina pa kwenda, umeme haupiti. Maduara yenyewe hushikana kwa nguvu ndogo, hivyo salfa huyeyuka kwenye nyuzi joto 115 hivi, shaba ikingoja 1,085.

Kiwandani salfa huchomwa ikawa dioksidi ya salfa, SO₂, kisha trioksidi, SO₃, ambayo mwishowe huungana na maji kuwa tindikali ya salfa, H₂SO₄. Hapa jina huhesabu atomu: “di” ni mbili, “tri” ni tatu.

Mbale iliyosagwa ikimwagiwa tindikali hiyo, shaba hutoka kama ioni yenye chaji mbili chanya na kuwa salfeti ya shaba (II), ambayo fuwele zake za buluu ndizo mrututu. Umeme ukipitishwa kwenye mmumunyo huo, shaba hujikusanya kwenye bamba ikiwa safi kwa asilimia 99.99.

Namba ile ya mabano haihesabu atomu, hutaja chaji.

Oksijeni hubeba chaji mbili hasi. Kwa hiyo oksidi ya shaba (I) huhitaji shaba mbili, Cu₂O: ni nyekundu, na hutumika katika viuatilifu vya kuzuia kutu ya majani ya mibuni, zao kuu la biashara la wilaya jirani ya Mbozi. Oksidi ya shaba (II) ni CuO, nyeusi. Chumvi ya mezani, kloridi ya sodiamu, haihitaji namba kwa kuwa ioni ya sodiamu ina chaji moja daima.

Kobalti ya Katanga nayo husafirishwa ikiwa hidroksidi ya kobalti (II). Hidroksidi ina chaji moja hasi, kobalti mbili chanya. Fomula ni Co(OH)₂.