Momiji: Mti wa Kijapani usiotaka mchezo na udongo

Bila shaka umewahi kuiona bendera ya Kanada na lile jani jekundu lililo katikati yake. Jani hilo ni la mti uitwao mepo, nao una jamaa wengi katika nchi zenye baridi. Leo tutamwangalia mmoja wa jamaa hao, mti mfupi wa Japani wenye majani mekundu kama makaa, ambao picha zake zimejaa katika kalenda za ukutani na katika simu za vijana wetu.

Wajapani huuita momiji, au kaede. Jina hilo la pili lina kichekesho chake, kwani lilitokana na maneno yenye maana ya mkono wa chura. Ukilitazama jani lenyewe utaona limegawanyika kama vidole. Daktari Mswidi, Carl Peter Thunberg, aliyekaa Japani mwaka 1775 na 1776, aliliona jani lilo hilo, lakini yeye akafikiria kiganja cha binadamu. Alipochapisha kitabu chake kuhusu mimea ya Japani mwaka 1784, aliupa mti huo jina la Kilatini la Acer palmatum, na ndilo wataalamu wanalolitumia hadi leo. Chura au mtu, chagua mwenyewe.

Huenda ukauliza, mti wa Japani unatuhusu nini sisi? Kwanza, wengi wetu tuna ndugu Marekani na Uingereza, ambako mti huu hupandwa mbele ya nyumba. Mche mmoja uliokomaa unaweza kugharimu mamia ya dola, na wengi huufisha katika mwaka wa kwanza. Pili, kuna watu mtandaoni wanaowauzia vijana wetu mbegu zake kwa ahadi za ajabu, jambo nitakalolirudia. Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, sijui mti unaofundisha habari za udongo kwa ukali kama huu. Somo lake litamfaa hata mwenye chungu kimoja cha maua kwenye roshani ya fleti huko Umoja au Nyali.

Walihama kufuata udongo

Mnamo Septemba 1, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Tokyo na Yokohama. Watu zaidi ya 100,000 walifariki, wengi wao kwa moto uliofuata. Miongoni mwa walioathirika walikuwa mafundi wa bonsai, yaani wale wanaokuza miti halisi ndani ya vyungu vya kina kifupi, ikabaki midogo kwa miaka mingi. Momiji ni mmoja wa miti wanayoipenda sana.

Wateja wa mafundi hao walikuwa mjini, na mtu angedhani wangejenga upya palepale. Wengi wao hawakufanya hivyo. Walitafuta mahali penye udongo mzuri na maji safi, wakafika Omiya, kaskazini mwa Tokyo, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao. Waliweka hata masharti kwa yeyote aliyetaka kuhamia huko: awe na vyungu vya bonsai visivyopungua kumi, nyumba yake isiwe ya ghorofa, ua wake uwe wa mimea, na mlango wake uwe wazi kwa wageni. Kijiji hicho kipo hadi sasa, na mwaka 2010 makumbusho ya bonsai yalifunguliwa karibu nacho.

Eneo hilo la Japani limefunikwa na majivu ya volkeno yaliyotua hapo kwa maelfu ya miaka. Kutokana na majivu hayo hupatikana udongo uitwao akadama, maana yake tufe jekundu. Huchimbwa, hukaushwa, kisha huchekechwa na kutengwa kwa ukubwa wa punje. Vumbi lote hutupwa. Kila punje ni kama sponji ndogo: hushika maji ndani yake, na katikati ya punje na punje hubaki nafasi ya hewa. Baada ya miaka michache punje huvunjika na kuwa tope, na ndiyo sababu fundi wa bonsai huung'oa momiji wake kila baada ya miaka miwili au mitatu, akapunguza mizizi na kuurudisha katika udongo mpya.

Sasa tufike kwenye kiini. Sisi tumezoea kudhani kwamba mmea hupumua kwa majani tu. Mizizi nayo hupumua. Huvuta oksijeni kutoka katika matundu madogo yaliyomo udongoni, na matundu hayo yakijaa maji muda mrefu, mizizi hukosa hewa na kuoza. Momiji una mizizi myembamba isiyokwenda chini sana, kwa hiyo huwa wa kwanza kuumia. Ubaya ni kwamba mzizi uliooza hauwezi kunywa maji. Majani hunyauka na kukauka ncha, sawasawa na mti wenye kiu. Mwenye mti, kwa huruma, huongeza maji. Wiki mbili baadaye anatafuta kuni za kuwashia moto.

Pima kabla ya kununua

Kabla hujatoa hata senti moja, chimba shimo la kina cha sentimita 30 hapo unapotaka kupanda. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na utazame saa. Maji yakishuka angalau sentimita mbili na nusu kwa saa, udongo wako unapitisha maji inavyotakiwa. Ukiamka kesho yake ukute bado kuna kidimbwi, usipande mti huo hapo.

Kuna kipimo kingine ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya jikoni. Tia udongo nusu katika chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu na uiweke mezani. Mchanga hutuama chini kwa dakika moja au mbili. Udongo laini hufuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi hubaki ukielea, na maji huwa machafu hata siku nzima. Ukiona tabaka la mfinyanzi ndilo nene kuliko yote, umekwisha pata jibu.

Momiji hupenda udongo tifutifu wenye mboji na asidi kidogo, kipimo cha kati ya 5.5 na 6.5. Udongo wenye chokaa nyingi huufanya ushindwe kufyonza madini ya chuma, majani yakawa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Chukua mfano wa shangazi yako aliye Seattle na mjomba wako aliye Dallas. Kule Seattle mvua nyingi za miaka na miaka zimeuachia udongo asidi, hewa ni ya baridi, na momiji hustawi kana kwamba haujatoka kwao. Shangazi atahitaji tu kuumwagilia wakati wa kiangazi, kwani miezi hiyo mvua huadimika. Dallas ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya udongo wa huko ni mweusi, wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Aliyewahi kutembea Embakasi au Kitengela wakati wa mvua, viatu vikawa vizito kama matofali, anaujua vyema. Isitoshe, una chokaa, na jua la huko hupita nyuzi 38.

Je, mjomba afanye nini? Watu wengi walio na udongo kama wake huchimba shimo refu na kulijaza udongo mzuri wa kununua. Huko ni kutengeneza sufuria. Maji huingia kwa urahisi katika ule udongo mzuri, hugonga kuta za mfinyanzi na kukaa humo. Ni afadhali ainue tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi na kupanda humo, au atumie chungu kikubwa. Tena achague upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, pasipo na upepo mkavu, la sivyo majani yataungua.

Popote atakapopanda, shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi pabaki juu, paonekane. Juu ya udongo atandaze magome au majani makavu kwa unene wa sentimita tano hadi nane, bila kuyagusisha na shina. Samadi mbichi asithubutu. Na asipande mahali palipokuwa na nyanya au viazi vilivyonyauka kwa ugonjwa, kwani kuna kuvu iitwayo vetisiliamu ambayo hubaki udongoni miaka mingi na huushambulia momiji vilevile. Kuhusu kupogoa, asubiri mti uwe umelala au kiangazi kinapoelekea mwisho. Ukikatwa utomvu unapopanda mwanzoni mwa majira ya kuchipua, hutiririka machozi.

Kokoto chini ya chungu

Hapa najua nitagombana na akina mama wengi. Tumefundishwa kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yapite vizuri. Ukweli ni kwamba hazisaidii. Maji hayatoki kwa hiari katika udongo wenye punje ndogo kwenda kwenye mawe makubwa. Hung'ang'ania udongoni mpaka udongo uloe kabisa, ndipo yadondoke. Kwa hiyo lile tabaka lililolowa, ambalo lingekuwa chini kabisa, sasa linakaa juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Umepunguza chungu na hujapata faida yoyote. Toboa tundu chini, lifunike kwa kipande cha wavu ili udongo usitoke, kisha jaza mchanganyiko uleule mzuri toka chini hadi juu.

Na usimwagilie kwa ratiba ya saa. Tia kidole udongoni hadi sentimita tano. Ukihisi unyevu, weka ndoo chini uendelee na shughuli zako.

Je, utaota Nairobi?

Jibu langu ni kwamba usipoteze fedha zako. Momiji ni mti wa nchi zenye misimu minne. Siku zinapofupika na usiku kuwa wa baridi, ile klorofili ya kijani huvunjika majanina, mti ukatengeneza rangi nyekundu kutokana na sukari iliyobaki, na ndipo Wajapani hutoka kwa makundi kwenda kuutazama. Hokkaido huwa Oktoba, Kyoto ni mwishoni mwa Novemba. Katika mji wa Minoh, karibu na Osaka, wao huenda mbali zaidi. Huyahifadhi majani katika chumvi, huyatia katika unga na kuyakaanga mafutani, yakauzwa kama sisi tunavyouza bhajia! Baada ya hapo majani hupukutika na mti hulala miezi kadhaa. Kwetu karibu na ikweta siku ni ya saa kumi na mbili mwaka mzima, na hata baridi ya Julai si baridi ya kuulaza mti huo.

Ndiyo maana zile mbegu za mtandaoni ziogope. Utaona picha ya momiji wa rangi ya buluu, pakiti kwa bei poa. Hakuna momiji wa buluu duniani. Majani yake huwa kijani, manjano, rangi ya chungwa, mekundu au zambarau iliyokolea, na kwisha. Hiyo nyingine ni rangi ya kompyuta. Hata mbegu za kweli huhitaji kukaa kwenye unyevu na baridi ya nyuzi kama 4 kwa miezi mitatu au minne ndipo ziote, na mti utakaotoka haufanani na mama yake. Aina zenye majina, ambazo zinapita elfu moja, huzalishwa zaidi kwa kupandikiza, kama tunavyofanya na maparachichi. Zaidi ya hayo, sheria yetu inataka kibali kutoka KEPHIS kabla mbegu hazijasafirishwa kuja nchini, na pakiti isiyo na kibali inaweza kutwaliwa na kuharibiwa.

Ukitaka mti mdogo wa chunguni hapa kwetu, chukua mmoja wa jamii ya mtini. Mugumo wenyewe huvumilia chungu, ingawa wapo wazee watakaouliza unafanya nini na mti huo ndani ya nyumba. Au uchukue waridi la jangwani, linalomea lenyewe katika nyanda zetu kavu. Udongo utengeneze kwa akili ya wale wa Omiya: sehemu moja ya udongo mwekundu, moja ya mboji iliyooza vizuri, na moja ya yale mawe mepesi ya volkeno yanayopatikana pande za Longonot na Naivasha, ya aina ile tunayosugulia visigino. Waridi la jangwani uliongezee mawe, kwani halipendi unyevu. Yaponde mawe yawe na ukubwa wa punje za mahindi au madogo zaidi, uchekeche kwa chekecheo la unga, na vumbi ulimwage. Kisha mimina maji juu na uhesabu. Yakikawia kuzama, ongeza mawe na ujaribu tena.