Majitaka yakirudi bafuni, acha kumwaga klorini kwanza

Kila masika wenye nyumba wa Kariakoo, Upanga na mitaa mingine ya zamani ya Dar es Salaam huuliza swali lilelile: bomba nimelizibua juzi tu, mbona majitaka yanafurika bafuni?

Tatizo liko barabarani. Mabomba ya majitaka hayakujengwa kubeba mvua, lakini wapo walioelekeza maji ya paa kwenye chemba, na vifuniko vilivyovunjika vinaingiza mengine. Bomba kuu likijaa, maji hupanda ndani ya chemba, na kimo yanachofikia pale ndicho yatakachofikia ndani ya kila bomba lililounganishwa nayo. Yatatokea kwenye tundu lililo chini ya kimo hicho, mara nyingi la sakafu ya bafu. Ndiyo maana mpangaji wa ghorofa ya tatu haoni kitu, huku wa chini akihamisha magodoro. Maji yanayotuama kwenye kona ya bomba huzuia harufu tu, msukumo huo hayauwezi. Kinachouweza ni valvu inayoruhusu maji kutoka na kujifunga yakitaka kurudi. Nayo isafishwe, maana kipande cha kitambaa kikinasa itabaki wazi.

Wanaouza unga wa “kumaliza majitaka” wanakuibia. Hakuna unga unaoshusha maji yaliyojaa bomba la mtaa mzima.

Klorini nayo inaaminiwa kupita kiasi. Ukiimwaga juu ya kinyesi, nguvu yake huishia kwenye uchafu kabla ya kuvifikia vijidudu. Mayai ya minyoo ya askarisi yana ganda ambalo klorini ya nyumbani hailivunji. Hayo huondolewa kwa kusugua na kusuuza. Kwa hiyo: kata umeme kabla hujakanyaga maji, vaa mabuti na glovu, zoa uchafu, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo upake klorini. Usiichanganye kamwe na asidi ya kuzibulia. Gesi inayotoka huunguza mapafu. Godoro lililoloa litupwe.

Na asiingie mtu kwenye chemba. Gesi ya humo hunuka yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa kabla ya kumwangusha mtu. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Panya nao hukojoa humo. Homa ya mgunda iliyoua watu Ruangwa, Lindi, mwaka 2022 hubebwa na mkojo wa wanyama na huingia kupitia michubuko. Ukipata homa na maumivu ya misuli ndani ya mwezi mmoja, nenda hospitali, na umwambie daktari kwamba ulikanyaga majitaka.