Kirusi Kilichokipa Kipindupindu Sumu

Kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu hutobolewa tundu katikati. Chini ya tundu huwekwa ndoo yenye alama za lita, ili muuguzi ajue mgonjwa amepoteza maji kiasi gani na arudishiwe kiasi gani kwa dripu. Kinachoshuka humo hakifanani na kinyesi. Ni majimaji meupe yenye chembechembe, kama maji yaliyooshea mchele, na mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja.

Vitanda hivyo si vigeni Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Novemba 2015 kipindupindu kilizuka katika kambi za wakimbizi za Dadaab, kilomita 100 hivi kutoka mjini Garissa, kikaendelea hadi mwaka uliofuata, na waliougua walipita 1,000. Mwaka 2016 kaunti ya Mandera nayo ilipambana na kipindupindu na chikungunya kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa 2022, ukame ukiwa umewasukuma maelfu ya watu kutoka Somalia hadi Dadaab, ugonjwa ukarudi. Februari 2023 Garissa na Wajir zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopewa chanjo ya kunywa.

Chanzo tunakijua: maji machafu, vyoo vichache, na mvua ya ghafla inayozoa uchafu kwenye laga na kuumwaga katika mabwawa ambamo watu na mifugo hunywa pamoja. Hayo yamesemwa sana, na ni kweli. Lakini ndani ya ile ndoo kuna vita ambavyo havisimuliwi, na matokeo yake huamua nani azidiwe na nani aponee chupuchupu.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, si muuaji kwa asili yake. Jamii zake nyingi huishi baharini na kwenye milango ya mito, zikijishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, bila kusababisha kipindupindu. Kinachomgeuza ni sumu moja, na maelekezo ya kuitengeneza sumu hiyo hayakuwa yake. Aliletewa na kirusi.

Watu wa Garissa wamevijua virusi kwa machungu. Homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo hapa baada ya mvua za El Niño za 1997, kisha ikarudi mwishoni mwa 2006. Ila kuna virusi visivyomgusa mtu wala ngamia, kazi yake ni kuvamia bakteria tu. Huitwa bakteriofaji, au faji kwa kifupi, jina lililotokana na neno la Kigiriki la kula. Mwingereza Frederick Twort alizieleza mwaka 1915, na Félix d'Hérelle akazipa jina mwaka 1917 akiwa Paris. Hata kabla yao, mwaka 1896, Ernest Hankin aliandika kwamba maji ya mito ya Ganges na Yamuna kule India yanaua bakteria wa kipindupindu, na kwamba yakichemshwa nguvu hiyo hupotea. Leo wengi wanaamini alichokiona kilikuwa kazi ya faji.

Faji iliyoleta sumu inaitwa CTX. Ina umbo la uzi mwembamba, na ilitambuliwa mwaka 1996 na Matthew Waldor na John Mekalanos wa Chuo Kikuu cha Harvard. Namna inavyoingia ndiyo inayonishangaza zaidi. Bakteria wa kipindupindu ana vinywele ambavyo humsaidia kujikita kwenye utumbo wa binadamu. Bila hivyo angesombwa na kutoka. Faji CTX hushika vinywele hivyo hivyo, ikavitumia kama mlango. Ikishaingia haimuui mwenyeji wake. Huchomeka jeni zake katikati ya jeni za bakteria na kutulia humo, na kila bakteria huyo anapogawanyika, watoto hurithi mzigo wote. Watafiti hao waliona pia kwamba ndani ya utumbo wa panya faji hii huambukiza bakteria kwa wepesi kuliko kwenye chupa za maabara. Maana yake ni kwamba tumbo lenyewe ni soko ambamo bakteria hugawiwa silaha.

Sumu ikitolewa, huingia kwenye chembe hai za utumbo na kuzilazimisha kumwaga chumvi bila kukoma, na maji huifuata chumvi. Ndiyo ile ndoo kujaa. Na bakteria hufaidika: mwili unaomwaga maji unamtawanya yeye pia, kwa mamilioni, hadi kwenye kisima kinachofuata.

Kipindupindu hakiko peke yake. Dondakoo, ambalo watoto wetu huchanjwa dhidi yake wakiwa wachanga, nalo hupata sumu yake kutoka kwa faji. Jambo hilo lilijulikana tangu 1951. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, bakteria wa E. koli aliyebeba jeni za sumu zilizotoka kwa faji aliua watu zaidi ya 50, na chanzo kilikuwa mbegu za uwatu zilizochipushwa na kuliwa mbichi.

Faji nyingine zina tabia tofauti kabisa. Hizi hazikai ndani ya bakteria kama mpangaji. Huingia, zikazaana kwa dakika chache, kisha zikampasua na kutoka kwa makumi kwenda kutafuta wengine. Mfugaji ataelewa upesi mwenendo wa faji hizi na bakteria. Malisho yakishamiri mifugo huongezeka, mifugo ikizidi malisho huisha, malisho yakiisha mifugo hupungua. Mwaka 2005 Shah Faruque na wenzake walionyesha kwamba mjini Dhaka, Bangladesh, faji za kipindupindu zikiwa nyingi kwenye maji wagonjwa huwa wachache, na mlipuko unapofika kileleni faji huongezeka, hata kwenye kinyesi cha wagonjwa wenyewe, kisha mlipuko hufifia.

Bakteria hakubali kuliwa kirahisi. Faji iitwayo ICP1 humtambua kwa sukari zilizo juu ya ngozi yake, kwa hiyo bakteria wengine huzibadili sukari hizo ili wasitambulike. Hapo huziponyoka faji lakini hudhoofika, maana sukari zile zile ndizo huwasaidia kustahimili ndani ya utumbo. Wengine wana jeni maalumu za kuizuia faji isizaane. Mwaka 2013 Kimberley Seed na wenzake waligundua kwamba ICP1 nayo imejipatia mkasi wa kuzikata jeni hizo za ulinzi. Na mwaka 2024, utafiti wa wagonjwa wa Bangladesh uliochapishwa katika jarida la Science ulionyesha kwamba wale ambao kinyesi chao kilikuwa na faji nyingi kulinganisha na bakteria hawakukaukiwa maji sana kama wenzao.

Je, haya yanaihusu Garissa? Yanaihusu sana, kwa sababu moja ambayo kila mhudumu wa afya katika kambi za Dadaab, yaani Hagadera, Ifo na Dagahaley, angepaswa kuijua. Kipimo cha haraka cha kipindupindu ni kijiti cha karatasi kinachochovywa kwenye kinyesi na kutoa mistari. Faji zikishawapasua bakteria wengi, kijiti kinaweza kusema hakuna kipindupindu ilhali mgonjwa anacho. Hata kuwaotesha bakteria maabara, njia iliyoaminiwa kwa miaka mingi, huweza kushindwa kwa sababu hiyo hiyo, au kwa sababu mgonjwa alikwisha kumeza antibiotiki za dukani. Katika kaunti ambako sampuli husafiri saa nyingi barabarani, jibu moja la hapana halitoshi kufunga faili.

Uwezo wa kuzichunguza faji tunao nchini. Watafiti wa Kenya, akiwemo Samuel Kariuki, wakati huo akiwa katika taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, wamewahi kutenga faji za kipindupindu kutoka maji ya eneo la Ziwa Victoria, na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI jijini Nairobi imechunguza faji za kupambana na salmonela kwa kuku. Nje, mwaka 2017, mchanganyiko wa faji tatu uliwakinga panya na sungura wachanga wasipate kipindupindu. Mimi naona maji ya Mto Tana na mabwawa ya Wajir na Mandera yanastahili kuchunguzwa vivyo hivyo, kabla ya mlipuko na wakati wa mlipuko, na kila sampuli ya kinyesi ipimwe faji pamoja na bakteria. Faji hazitachimba vyoo wala kutia klorini kwenye jerikeni, lakini zitatueleza ukweli ambao kijiti hakiuoni.

Kwa msomaji aliye nyumbani: mtu akianza kuhara majimaji kama ya mchele, usisubiri jibu la kipimo. Chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, koroga, mnyweshe kidogo kidogo bila kuacha, na safari ya kwenda kituo cha afya ianze saa ile ile.