Ala ya Neva (3): Protini Chache, Kazi Nzito

Katika makala mbili zilizotangulia tulieleza mayelini ni nini na jinsi inavyoharakisha ishara za umeme katika nyuzi za neva. Leo tunazitazama protini zilizomo katika mayelini ya ubongo na uti wa mgongo.

Mayelini hiyo hutengenezwa na seli ziitwazo oligodendrosaiti. Seli huunyoosha utando wake na kuuzungusha kwenye uzi wa neva, tabaka juu ya tabaka, kama mpishi wa chapati anavyokunja unga alioupaka mafuta. Ukiikausha mayelini, takribani asilimia 70 ya kinachobaki ni mafuta na asilimia 30 ni protini. Kwa utando wa seli, hicho ni kiasi kidogo cha protini.

Protini inayoongoza kwa wingi ni PLP. Mwaka 1951, nchini Marekani, Jordi Folch na Marjorie Lees walieleza kundi la protini za ubongo zinazoyeyuka katika mchanganyiko wa kloroformu na methanoli, kimiminika kinachoyeyusha mafuta. PLP ndiyo kinara wa kundi hilo. Ina amino asidi 276, na sehemu kubwa ya mnyororo wake haipatani na maji. Huupenya utando mara nne na kusaidia kushikamanisha nyuso za nje za tabaka.

Inayofuata ni MBP, ambayo hukaa upande wa ndani. Ina chaji chanya nyingi, hivyo hunata kwenye mafuta yenye chaji hasi na kuzibana pande mbili za utando mpaka umajimaji wa seli unakaribia kwisha. Kwa kuwa inanata kiasi hicho, seli haiisafirishi ikiwa tayari: hupeleka RNA yake hadi kwenye mayelini, na protini ikaundwa hukohuko. Panya wa maabara waliozaliwa bila MBP hutetemeka tangu wakiwa wachanga na hufa mapema.

Protini hizi mbili huchukua zaidi ya nusu ya protini zote za mayelini. Zilizobaki ni chache kwa kiasi, lakini kila moja ina zamu yake. CNP huzuia MBP isibane kila mahali, ili njia za kupitisha virutubisho zibaki wazi. MAG hukaa upande unaogusana na uzi wa neva. MOG hukaa kwenye uso wa nje kabisa.

Uchache wa protini si udogo wa kazi, wala wingi si usalama. Mtoto wa kiume mwenye nakala mbili za jeni ya PLP badala ya moja hupata ugonjwa wa Pelizaeus-Merzbacher: macho huchezacheza, shingo hulegea, na huchelewa kukaa. Nayo MOG, ingawa ni kidogo mno, hushambuliwa na kinga ya mwili kwa kuwa iko nje, na neva ya jicho huvimba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona jicho linauma unapolisogeza na uwezo wake wa kuona unafifia ndani ya siku chache, usitegemee matone ya dukani. Nenda hospitali haraka. Kipimo cha damu cha kutambua kingamwili dhidi ya MOG kipo, na wagonjwa wengi wanaowahi matibabu ya steroidi huona tena vizuri.