Mama, Mwana na Rimu za Inchi 20

Jumamosi moja tulikuwa wageni Bondeni, mtaa mkongwe wa Nakuru ambamo mtu wa Pwani akipita adhuhuri husikia salamu za kwao na kunusa pilau ya kwao, akasahau kwamba yuko bara, mita zipatazo 1,850 juu ya bahari. Tulialikwa kwenye dua ya kuwaaga jamaa waliokuwa wakijiandaa kuteremka Mombasa kwa harusi ya binti yao.

Baada ya chakula, mwenye nyumba, mama wa makamo aliyefiwa na mumewe miaka mitatu iliyopita, alituomba tusiondoke. Alikuwa na kesi, alisema, baina yake na mwanawe wa kwanza. Tulidhani ni ya mirathi. Kumbe ni ya tairi.

Gari lililokuwa likigombewa ni Toyota Prado ya mwaka 2008 aliyoiacha marehemu. Matairi yake yalikuwa yamekwisha, na safari ya kilomita zaidi ya 600 ilikuwa mbele. Kijana alikuwa ameona dukani rimu za inchi 20, zenye kung'aa kama sinia la shaba lililosuguliwa, pamoja na matairi yake membamba ya ubavu. "Mama, tairi ni tairi," alisema kwa adabu. "Na harusini gari ndilo linalotangulia kuonekana."

Mama akajibu, "Mwanangu, mimi nakshi siitazami. Nimeshasimama kando ya barabara pale Gilgil, usiku, tairi limepasuka, na mkeo ana mimba ya miezi saba. Sheikh, tuamulie."

Sisi si mafundi. Lakini tumeendesha magari zaidi ya miaka 30, na aliyesoma faraidhi madrasa hazikimbii hesabu. Tukaomba kalamu na karatasi, akaitwa na fundi wa tairi wa mtaani, jirani yao, tukatoka sote hadi lilipoegeshwa gari.

Ubavuni mwa tairi lolote pameandikwa nambari ambazo wengi wetu huzipita kama tunavyopita maandishi ya lugha tusiyoijua. Kwenye gari lile palisomeka 265/65R17 112S. Msomaji aliye na gari nje na atoke alitazame lake akiwa na ukurasa huu mkononi. Nambari ya kwanza, 265, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 65, si milimita bali ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana wake. Herufi R yaeleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na takribani matairi yote ya magari ya familia siku hizi ni ya aina hiyo. Nambari 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tutazirudia 112 na S baadaye, maana ndizo zilizobadili mazungumzo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko kugawa mirathi ya mke na mabinti watatu. Asilimia 65 ya 265 ni milimita 172 na robo. Ubavu uko juu ya rimu na uko chini yake, basi uzidishe kwa 2, upate 344.5. Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8. Jumlisha: gurudumu zima lina kimo cha milimita 776.3. Kimo hicho ndicho msingi wa kila kitu. Giaboksi, breki na mita ya mwendo vilipimwa kiwandani kwa kukitegemea.

Tazama watengenezaji wenyewe wanavyokilinda. Prado za vizazi mbalimbali zimetoka na tairi 265/70R16, 265/65R17 na 265/60R18. Rimu zimepishana kwa inchi 2 nzima, lakini ukifanya hesabu utapata milimita 777, 776 na 775. Rimu ikikua, ubavu hupungua, na jumla hubaki palepale.

Kijana akatwaa kalamu. Tairi alilolitaka ni 265/50R20. Akapiga hesabu mbele yetu sote: nusu ya 265 ni 132.5, mara 2 ni 265, na inchi 20 ni milimita 508. Jumla 773. Akainua uso na kutabasamu. Tofauti ya milimita 3 tu! Mita haitadanganya, wala gurudumu halitagusa madigadi kwa sababu ya kimo. Hapo, wasomaji wetu, kijana alitushinda, nasi tulikiri. Aliyempa ushauri dukani hakumdanganya kwa kimo.

Lakini fundi, ambaye mpaka hapo alikuwa amechuchumaa kimya, aliweka kiganja chake ubavuni mwa tairi la zamani. "Huu mpira," alisema, "ulikuwa milimita 172. Wako ni 132. Hizo 40 zimekwenda wapi?"

Zimegeuka chuma. Karibu sentimita 4 za mpira na upepo zimeondolewa baina ya rimu na barabara, na hilo ndilo suala lenyewe. Ubavu wa tairi ni mto unaolaliwa na gari. Gurudumu likitumbukia shimoni, mpira hubonyea na kurudi. Ukiwa mfupi, rimu huubana dhidi ya ukingo wa shimo, nyuzi za ndani zikakatika au rimu ikapinda. Aghalabu huoni kitu siku hiyo. Baada ya siku chache hutokea kivimbe kama yai ubavuni, na tairi lenye kivimbe halitengenezeki. Kwenye lami laini ya mjini, rimu kubwa na ubavu mfupi hulifanya gari litii usukani upesi zaidi. Wanaopenda hivyo tusiwalaumu. Lakini gari hili hushinda njia za Njoro na Molo, ambako mvua ikinyesha barabara za vijijini huwa tope, na huteremka Marigat kwa jamaa, ambako ukitoka kwenye lami unakuta mawe makali. Na hata barabara kuu ya kwenda Mombasa msafiri hajui shimo limefunguka wapi tangu mvua iliyopita.

Tukarudi kwenye zile 112 na S. Nambari 112 ni alama ya uzito: kwa jedwali la watengenezaji, tairi hilo hubeba hadi kilo 1,120. Herufi S ni mwendo, kikomo cha kilomita 180 kwa saa, na kwa kuwa sheria ya Kenya haimruhusu dereva wa gari dogo kuzidi 110, herufi hiyo haikututia wasiwasi. Tairi la inchi 20 alilooneshwa kijana lilikuwa na 107, yaani kilo 975. Kwa matairi 4, gari lapoteza uwezo wa kilo 580. Mama aliuliza swali ambalo hakuna mwanamume kati yetu aliyekuwa ameliuliza: "Tutakuwa watu 7, masanduku ya bibi harusi, vyombo na magunia mawili ya viazi. Uzito huo unakaa wapi?" Unakaa nyuma, bila shaka, juu ya matairi 2. Hatusemi kwamba tairi la 107 lingepasuka njiani. Tunasema kwamba akiba ingepungua siku ambayo akiba inahitajika zaidi, na kwamba si busara kushuka chini ya alama ya uzito aliyoiweka mtengenezaji. Vipimo vyake hubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukifungua mlango utakiona kibandiko.

Shemeji wa marehemu, aliyekuwa akisikiliza kwa mbali, akaona mlango umefunguka, akaingia na rai yake: basi na wabaki na rimu za inchi 17, ila wavalishe tairi kubwa zaidi, 265/70R17, gari linyanyuke juu ya mawe. Rai hii wengi wanayo, na ina sehemu ya haki, maana huongeza mpira badala ya kuupunguza. Hesabu yake ni milimita 803. Limezidi la asili kwa karibu milimita 27, sawa na asilimia 3.4. Kama mita ilikuwa ikisema kweli, basi ikisoma 100 gari litakuwa linakwenda zaidi ya 103. Injini itavuta kwa taabu zaidi mlimani, breki zitakuwa na gurudumu zito zaidi la kuzuia, na usukani ukikatwa hadi mwisho huenda mpira ukasugua plastiki ya ndani ya madigadi. Mafundi wengi huuweka mpaka kwenye asilimia 3. Anayeishi porini aweza kupima faida na hasara zake. Familia iendayo harusini haina haja nayo.

Tusiwasahau akina mama wanaopeleka watoto madrasa kwa RAV4, X-Trail na Forester, maana kwao hatari iko penginepo: kwenye matundu. Prado ina nati 6, nayo hushika rimu ambayo duara la matundu yake lina kipenyo cha milimita 139.7. RAV4 na X-Trail za miaka ya karibuni zina nati 5 kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo rimu ya moja huingia kwenye nyingine, na muuzaji atakwambia zinalingana. Hazilingani kikamilifu. Tundu la katikati la rimu ya X-Trail ni milimita 66.1, na kitovu cha RAV4 ni 60.1. Rimu itafungika, lakini haitakaa barabara katikati bila pete ya kujaza ile nafasi, na gari litatetemeka mwendo ukipanda huku kila mtu akilaumu balansi. Forester nayo, hadi toleo lililotoka mwaka 2018, ilikuwa na nati 5 kwenye duara la milimita 100. Tofauti ya 100 na 114 jicho laweza kuikosa, chuma hakiikosi. Anayelazimisha nati iingie upande anaweka roho za watu kwenye ncha ya parafujo. Uliza pia rimu inakaa ndani kiasi gani. Zile zinazochomoza nje ya madigadi hupendeza vijana na huchosha beringi.

Kuna jambo moja la upepo ambalo twadhani wasafiri wetu wa Pwani hawaambiwi. Kipimo cha upepo hupima tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Nakuru iko juu, hewa yake ya nje ni nyepesi. Tairi lililojazwa pale hadi pauni 32, likifika usawa wa bahari bila joto kubadilika, lingesoma karibu 29. Joto la Mombasa hurudisha sehemu ya upungufu huo, si wote. Kwa hiyo anayeshuka apime tena akifika, asubuhi kabla gari halijatembea, na anayepanda kutoka Mvita kuja Bondeni afanye hivyo hivyo, kwani lake litakuwa limezidi. Kipimo sahihi ni kile cha kibandiko cha mlangoni, si kile cha kijana wa petroli anayejaza magari yote 40 kwa kuwa ndivyo alivyozoea.

Lile tairi la Gilgil lilikuwa na kisa chake. Mama aliapa kwamba lilikuwa na kashata nzima, meno yake yakionekana mapya. Fundi alisema alilihifadhi, na akalileta. Tarakimu 4 za mwisho za mhuri wa ubavuni zilisomeka 1411: wiki ya 14 ya mwaka 2011. Lilikuwa limeuzwa kama zima kwa mtu asiyejua kusoma mhuri huo, mpira wake umekauka na kupata nyufa nyembamba kama za kigae. Meno husema tairi limetembea kiasi gani, wala hayasemi limeishi miaka mingapi. Mama aliitazama nambari ile kwa muda mrefu bila kusema neno.

Ilibaki hukumu. Tulikumbusha kwamba gari lile bado ni mali ya warithi wote, wakiwemo wadogo wawili ambao hawajabaleghe, na kwamba fedha zao hazitumiwi kwa pambo. Kijana hakubisha. Alipendekeza mwenyewe kwamba rimu za inchi 17 zipigwe msasa na rangi mpya, na mama akakubali papo hapo. Inaonekana naye alitaka gari lipendeze, ila hakutaka kulisema mbele yetu. Matairi 4 mapya yakanunuliwa, 265/65R17, alama 112. Mama alikwenda dukani mwenyewe, akachuchumaa na miwani yake, akasoma mhuri wa kila moja kabla hajatoa pesa. Moja alilirudisha.

Jioni ile, mizigo ikipangwa, akamwita mwanawe. "Na la spea?" Likatolewa. Lilikuwa 245/70R16, pengine la pikapu, lenye nati 6 na hivyo lingefungika bila shida. Kijana akapiga hesabu kichwani safari hii: milimita 749, pungufu kwa 27. Na kwenye Prado, ambayo magurudumu yake manne huvuta wakati wote, gurudumu moja fupi hulazimisha gia za katikati kuzunguka bila kupumzika kwa kila kilomita. Duka lilikuwa karibu kufungwa. Alichukua ufunguo, akaondoka mbio.