Pete Zitembeazo Ndani ya Taa ya Mrija

Asubuhi moja ya Julai, katika shule moja ya huku Ilongero, mwanafunzi wa darasa la sita aliitazama taa ya mrija iliyokuwa ndiyo kwanza imewashwa, akauliza: "Mwalimu, mbona ndani mna pete zinatembea?" Tulimjibu kwamba taa ni mbovu. Jibu hilo lilikuwa kosa, nalo lilimnyamazisha mtoto aliyeona vema kuliko mwalimu wake.

Ndani ya mrija mna argoni na mvuke kidogo wa zebaki, kwa kanieneo dogo mno kuliko la hewa tuivutayo. Umeme upitapo, elektroni hupata mwendo zikazigonga atomu. Baadhi ya atomu hutoa miali, na unga mweupe ulio kwenye kioo huigeuza kuwa mwanga. Nyingine hung'olewa elektroni zikawa ioni. Pale ioni na elektroni zinapozidi, nguvu ya kuzisukuma elektroni hupungua. Kando yake nguvu huongezeka, na mgongano hushika kasi upya. Hivyo hutokea mafungu ya mwanga na giza yafuatanayo: hayo ndiyo mawimbi ya uionishaji. Mfaransa Abria aliyaeleza mwaka 1843. Mara nyingi hukimbia upesi hata jicho likaona mwanga mmoja mtulivu, ndiyo maana Spottiswoode wa Uingereza, katika miaka ya 1870, aliyachunguza kwa kioo kizungukacho. Baridi huweza kuyafanya yaonekane kwa macho matupu.

Darasani, mwalimu na aanze na shamba la uwele wakati wa upepo. Wimbi hukimbia toka mpaka hadi mpaka, nayo mabua yamesimama palepale. Lakini mfano huu una kikomo, na wanafunzi waambiwe: elektroni zenyewe husafiri, tena wimbi la mrija halingoji upepo, maana hulishwa na umeme uleule uliowasha taa. (Mrija mkuukuu usipasuliwe ili kuonyesha yaliyomo, zebaki ni sumu.)

Siku mbili baadaye tulimwita mtoto yule, tukakiri kosa letu. Alitueleza kwamba pete hupotea taa ikishapata joto. Alikuwa ameendelea kuichunguza kila asubuhi, bila kutuambia.