Shumovsky, Ibn Majid na Wajibu wa Kuhakiki Habari

Imeenea habari kwamba Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, aliyemwongoza kuvuka bahari hadi Calicut ni Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar (leo Ras al-Khaimah). Ni vyema tumjue mtaalamu wa Urusi aliyeutumia umri wake katika kazi za nahodha huyo, kisha tuipime habari yenyewe.

Theodor Shumovsky alizaliwa mwaka 1913 huko Zhitomir, akakulia Shamakhi, Azerbaijan. Alisoma Kiarabu Chuo Kikuu cha Leningrad kwa Ignaty Krachkovsky, bingwa wa fani hiyo katika zama zake. Mjini humo ulihifadhiwa mswada wa Ibn Majid, naye akaanza kuushughulikia angali mwanafunzi. Mwaka 1938 serikali ya Kisovieti ikamkamata, na miaka yake mingi hadi 1956 ikapotea vifungoni na makambini. Hata hivyo hakuiacha elimu. Mwaka 1957 alichapisha mswada ule pamoja na tafsiri ya Kirusi. Ndani yake mna mashairi matatu ya uongozaji wa vyombo baharini: Sufaliyya, Ma‘laqiyya na Ta’iyya. Sufaliyya inatuhusu sisi moja kwa moja, kwani inaeleza njia za pwani yetu mpaka Sofala, Msumbiji. Mwaka 1995 ikatoka tafsiri yake ya Qur’ani kwa mashairi ya Kirusi. Alifariki mwaka 2012.

Shumovsky alishikilia kuwa Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Mreno, na akaiweka kauli hiyo katika jina la kitabu chake. Je, ushahidi wake una nguvu gani?

Asili ya habari hiyo ni Qutbuddin an-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka, aliyesema kuwa Ibn Majid alileweshwa ndipo akawaonyesha Wafaranji njia. Lakini an-Nahrawali alizaliwa zaidi ya miaka 10 baada ya tukio. Hakushuhudia, na baina yake na tukio pana mkatiko. Pili, Mreno João de Barros anamtaja rubani yule kuwa ni Mwislamu wa Gujarat, ilhali Ibn Majid ni Mwarabu wa Julfar. Tatu, ndani ya Sufaliyya zimo beti zinazowataja Wafaranji, na Shumovsky alizitegemea. Lakini Ibrahim Khoury, mhakiki wa Syria, aliona kuwa beti hizo zilipachikwa na mikono ya baadaye.

Hapa pana mambo mawili ya kutenganishwa. Kuutoa mswada na kuuchapisha ni khidma kubwa, na anayestahiki kushukuriwa hunyimwi shukrani kwa kuwa si wa dini yetu. Ama hitimisho lake hupimwa kwa dalili, kama yapimwavyo maneno ya mwanachuoni yeyote, awe wetu au asiwe wetu.

Wala jambo hili si dogo. Kusema kwamba Mwislamu fulani alilewa, akawafungulia njia waliokuja kuivamia miji ya ndugu zake, ni tuhuma juu ya heshima yake. Kufa hakuiondoi heshima hiyo. Suratul-Hujurat imetuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Basi khatibu anayetaka kulitaja tukio la Malindi juu ya mimbari na aseme kuwa rubani alipatikana pale, na kwamba jina lake wanahistoria wamekhitalifiana. Huo ndio uadilifu.

Wallahu a‘lam.